Ulichoniomba Juu ya Bustani ya Ziwani

Mdogo wangu Asya,

Wageni wa hitima yako wameshaondoka. Mwaka umetimia. Nimeosha sahani, nimekunja mikeka, na sasa nimekaa jikoni hapa Lewisham, London, kwenye kiti chako, kwa sababu changu kinatazamana nacho, na kukiona kitupu siwezi.

Nataka tuzungumze habari ya Italia.

Ulikuwa umemaliza duru ya pili ya dawa za saratani, nywele zimeanza kuota laini kama za kitoto kichanga. Ukasema, "Dada, tangu Mapinduzi yatutoe Unguja, mimi na wewe hatujakwenda popote ila kazini. Nipeleke nikaone kitu kizuri." Mimi niliyeuguza wagonjwa wa watu miaka thelathini, nikaona hilo naliweza.

Tukaenda Italia, tukapanda boti mpaka kile kisiwa katikati ya ziwa, kisiwa kizima kasri na bustani. Ndani ya kasri ulitembea umeinua kichwa, mapambo ya Baroko, ule mtindo wa kifahari wa Ulaya ya kale, yamejaa kuta na dari, malaika wa plasta, dhahabu, nawe huachi kusema mashaallah. Kule chini, kwenye vyumba vilivyonakshiwa vijiwe vyeupe na vyeusi mpaka darini, ukauliza kwa sauti, "Nani alikuwa akifuta vumbi humu, masikini?" Tulicheka mpaka mlinzi akatugeukia.

Bustanini ulitaka kufika juu kabisa. Imepanda kama ngazi za jitu bustani ile, tuta juu ya tuta, milimau, mawaridi, tausi weupe wakiburuta mikia. Kila tuta tulipumzika. Chini ya mti mmoja mkubwa uliokota jani, ukalifikicha, ukanisogezea puani.

"Kafuri hii, dada. Mtanitia siku ya kunizika."

"Hebu nyamaza we!" nikakukemea.

Hukunyamaza. Tulipofika juu, ziwa limetuzunguka pande zote, ulinishika mkono. "Nataka kurudi Unguja. Si kutembea. Nikae kwa binti wa shangazi, hata miezi miwili. Nife nikisikia watu wanazungumza Kiswahili dirishani."

Nikakujibu kama nesi. "Na dawa za maumivu utazipata wapi? Daktari wako yuko London. Ukizidiwa, nani atakushughulikia?"

Ukaniachia mkono. "Haya, dada. Wewe ndiye mkubwa."

Basi. Hukulitaja tena, si ndani ya ndege, si hospitali, hata siku ya mwisho ulipoomba ufunguliwe dirisha, na nje yakasikika mabasi na mvua tu.

Asya, yale niliyokwambia yalikuwa kweli, lakini siyo yaliyonifanya nikukatalie. Habari za dawa ningeweza kuuliza, sikuuliza. Binti wa shangazi ningeweza kumpigia simu, sikumpigia. Niliogopa kubaki peke yangu katika nyumba hii. Ni hivyo tu. Nilikung'ang'ania, nikaita kukutunza. Na ulilijua, nadhani, ndiyo maana ukaninyamazia. Ulinihurumia mimi, wewe uliyekuwa unakufa.

Leo mwanao Nadir alibaki nyuma kunibebea masufuria. Unamjua, nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Leo lakini alijikongoja kwa Kiswahili, neno moja moja: "Mama mkubwa, Mama... alitaka kurudi kwao?"

"Hapana," nikamwambia. "Alishazoea hapa."

Akaitikia kwa kichwa, akanibusu mkono, akaenda zake. Nilimwona uso umemtulia. Nikabaki nimesimama na sufuria mikononi, nikijua nimekunyima mara ya pili.

Wewe siwezi tena kukurudisha Unguja. Umelala katika ardhi ya baridi, na mimi ndiye niliyekuchagulia. Usiku na mchana nitaliombea msamaha hilo, na sijui kama nitapewa.

Lakini kabla sijaanza barua hii nilimpigia simu mwanao. Alikuwa hajafika mbali.

"Geuza gari, baba. Kuna neno la mama yako sijakupa."

"Neno gani?"

"Njoo tu."

Sasa hivi namwona anaegesha hapo nje. Sijui atanitazamaje nitakapomaliza. Akitaka kunikasirikia, namwachia, na akitaka asikanyage tena mlangoni kwangu, pia ni haki yake. Nitamwambia kama ulivyosema, bila kupunguza.

Lala, mdogo wangu. Amegonga, nakwenda kumfungulia.

Dada yako mkubwa