Nguo ya Mbio ya Mama Ciku

Jumanne, 1 Julai

Bwawa la hoteli ni baridi kama kawaida. Ukungu hadi juu ya maji. Mizunguko kumi, midomo ikafa ganzi, nikaenda kufungua duka langu la dawa za mifugo nywele bado zikidondoka maji.

Mashindano ya klabu ni Jumamosi. Wanawake wa zaidi ya miaka hamsini na tano tuko wawili tu Nyeri nzima: mimi na Mama Ciku wa Giakanja. Zamani tulikuwa tunapokezana ushindi. Mwaka wa pili huu sijamshinda. Nataka mara moja tu. Moja!

Jumamosi, 5 Julai

Nimeshindwa tena. Na si yeye, ni ile nguo yake ya kuogelea. Binti yake alimtumia kutoka ng'ambo. Nyeusi, inabana kutoka kifuani hadi magotini, inakuinua miguu yenyewe. Mimi na kostyumu yangu ya mtumba, makalio yanazama kama gunia la viazi.

Kinachoniuma zaidi: mimi ndiye humvalisha. Haivaliki na mtu mmoja. Namvika mguu karatasi ya nailoni ya mkate ili nguo iteleze, halafu navuta. Mguu wa kushoto hata hauinui mwenyewe, mpaka niuinue mimi kama wa mtoto. Maringo! Ameshika ukuta, anacheka: "Vuta, Mama Njoki, kwani hukukula?" Kucha mbili zimekatika. Nimvalishe, kisha anishinde. Halafu tunakaa kula huo mkate na chai kama hakuna kitu.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwambia mwenyekiti Githinji: sisi tunaogelea kwa afya, hatutafuti kombe la dunia. Hizo nguo zipigwe marufuku. Ataleta hoja mkutanoni. Sioni aibu. Haki ni haki.

Jumamosi, 19 Julai

Mkutano. Kelele tupu. Jamaa mmoja wa Naro Moru akasema basi na wembamba pia upigwe marufuku. Watu wakacheka, mimi sikucheka. Kura ikapigwa, tumeshinda. Kostyumu ya kitambaa cha kawaida, basi.

Mama Ciku alinitazama tu, akachukua sweta yake, akaenda. Ati nijisikie vibaya? Kwani nimeiba?

Alhamisi, 24 Julai

Hajakuja mazoezini tangu mkutano. Hashiki simu. Sawa. Anune.

Jumamosi, 2 Agosti

Nina hasira.

Leo mashindano mengine ya klabu, na Mama Ciku hakuja. Nimesimama pale na kofia kichwani, meno yanagongana, Githinji ananiambia mtu mmoja si mashindano. Nikamwambia niogelee peke yangu, mnipime saa tu. Hapana, ratiba imejaa. Akanivika medali ya dhahabu nikiwa mkavu. Mkavu kabisa! Watu wakapiga makofi. Nilitaka kuitupa bwawani, lakini basi ingelowa yenyewe na mimi nibaki vile vile.

Hii ndiyo haki niliyoitafuta. Upuzi mtupu.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya kanisa nimeenda Giakanja na mkate. Nilitaka kumgombeza. Nimemkuta katikati ya shamba lake la kahawa, anatembea ameshika matawi.

Ni nyonga. Alianguka humo humo shambani miaka miwili iliyopita, na mguu wa kushoto haujapona. Bila ile nguo mguu unazama, anaogelea kama mtu anayekufa maji. "Sitaki watu waone," amesema. Binti yake aliinunua kwa sababu hiyo.

Mguu ambao nimeuinua kwa mikono yangu mara ngapi sijui. Nikauita maringo. Sikuuliza hata siku moja. Mjinga mimi.

Nimemwambia sheria ni ya mashindano. Jumanne asubuhi haina sheria. Ameniwekea maparachichi kwenye kiondo.

Jumanne, 5 Agosti

Ukungu. Nilifika kwanza, nikakaa na mkate wangu, nikaanza kukata tamaa. Akaja.

Nimemvika karatasi. Mguu wa kushoto nimeuinua polepole. Nimevuta. Ukucha umekatika.

Tumeogelea sisi wawili, hakuna saa, hakuna Githinji. Amenishinda kwa urefu wa mkono mmoja tu. Bado nasema ni ile nguo, na nimemwambia hivyo. Amecheka hadi akameza maji.

Chai ilikuwa moto. Mkate tumeumaliza wote.