Zile Namba za U na Dumu la Mbege

Alhamisi, Moshi. Mlima umejifunika tangu asubuhi, mvua inanyesha kidogo inaacha, na moyo wangu umekaa vibaya hata chai imenishinda.

Niseme tu. Nimemsingizia mzee wa watu.

Gari ni la Dada Manka. Ni yale madogo ya kifahari, viti vya ngozi, kila kitu kinabonyezwa. Aliporudi Dar aliniachia funguo na sharti moja: nibebe watu, nisibebe mizigo. Nikaitikia kama mtoto wa kipaimara.

Wiki iliyopita shangazi kule Kirua akanipa dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nipeleke Machame, ukweni, kwa posa ya mdogo wetu. Kukataa kubeba mbege ya posa, mimi sijui mtu anaanzia wapi. Nikaliweka kwenye buti. Sasa, kila aliyekulia huku anajua mbege haifungwi ikakazwa. Inachemka yenyewe, lazima ipumue. Mimi mjuaji, kwa kuogopa kuchafua zulia la dada, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote na nailoni juu yake.

Lilipasuka nikiwa bado nashuka Kirua. Nikafuta, nikasugua kwa sabuni, zulia nikalianika, nikanyamaza.

Jumatatu taa zikawaka kwenye dashibodi, ya injini na ya breki, kisha buti likagoma kufunguka. Fundi akachomeka mashine yake. Namba za hitilafu zikajipanga, karibu zote zinaanza na U. Akanieleza kwamba P ni injini na gia, C ni breki na miguu ya gari, B ni mambo ya bodi, na U ni kompyuta za gari zimeacha kuwasiliana. Akauliza kama kuna maji yaliingia nyuma, maana baadhi ya vifaa hivyo vinakaa chini ya zulia la buti.

Hapo mdomo ukanitangulia. Nikasema labda ni pale tunapooshea gari, labda Mzee Shabani alipiga maji ovyo. Jioni nikamwambia dada hivyohivyo, na safari hii ile "labda" nikaiacha. Dada yangu hana dogo. Akampigia mwenye pale, na Mzee Shabani akasimamishwa kazi.

Leo fundi amefika chini kabisa. Akachomoa plagi moja, akaikwangua kwa ukucha, akaniangalia.

"Dada, maji ya kuoshea gari hayana ulezi."

Njia ya mwongo ni fupi. Nilitamani nijifungie humo kwenye buti. Anasema kuzifuta zile namba anaweza hata sasa hivi, ila zitarudi tu mpaka kilichoharibika kibadilishwe.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Mzee Shabani, Njoro. Nikamwamkia shikamoo, maneno yangu nimeyapanga. Hakunipa nafasi. Aliniomba msamaha yeye. Tangu Jumatatu anajiuliza ni siku gani alielekeza mpira vibaya. Macho yameanza kumsumbua, huenda ni uzee.

"Mwambie dada yako anisamehe, mwanangu."

Na mimi, Mungu anirehemu, nikajibu kwamba nitamwambia.

Nimeona aibu nyingi maishani, ila hii inauma kwingine. Mtu mzima, aliyeosha magari miaka yote hiyo, ameanza kutoiamini mikono yake kwa sababu mimi niliogopa kugombezwa.

Dada Manka huisoma blogu hii kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo haitoki mpaka nimpigie yeye kwanza, kisha nirudi Njoro, nimwambie Mzee Shabani mwenyewe na tajiri wake akiwa anasikia. Najijua. Bila kujibana hivi, nitaendelea kuitikia tu.

Kama unaisoma, basi nimeshasema.