Pawa Saplai ya Bure

Davao, Jumanne

Mdogo wangu Rodel,

Huku hatujambo, mvua tu ndiyo inatusumbua. Sasa wewe! Nilikwambia kompyuta ya gemu huanzia kwenye pawa saplai, maana ndiyo inayoilisha umeme. Ukamwambia muuzaji, "Dada yangu mwoga huyo!" Ukanunua kasha la kioo lenye mataa ya rangi, ukaridhika na pawa saplai ya bure iliyokuja nalo. Haya, imelipuka, imeunguza kila kitu. Si una kioo? Tazama moshi vizuri!

Kompyuta tutanunua nyingine. Lakini nani alikutuma uchomeke humo diski ya Baba, yenye sauti yake akiimba karaoke, na nakala hatuna?

Usiniombe radhi mimi. Jumapili ni arobaini yake, na Mama ameshaalika majirani waje wamsikie akiimba. Kamwambie wewe.

Dada yako,
Rowena