Jicho Lisilo na Mboni

Kwa wifi yangu mpenzi,

Hujambo, na mguu wako je? Nasikia umeanza kupanda ngazi bila kushikwa mkono. Nimefurahi kweli kweli, ingawa najua sasa hakuna atakayepumzika humo ndani. Sisi huku wazima. Duka liko wazi na mikono yangu haitetemeki, wasikudanganye wanaosema nimezeeka.

Chini ya barua hii kuna jambo zito. Usirukie mwisho, nakujua.

Kazi ni tele. Bibi harusi mmoja aliagiza kidani cha dhahabu chenye jicho la kumkinga na husuda, kama yale aliyokuwa akifua marehemu kaka yako. Desturi ya duka hatujaibadili: sonara anafua jicho zima, kope na nyusi, lakini mboni inagongwa na mtu wa ukoo wa mvaaji anayemtakia heri, pigo moja tu, na ikienda upande hairekebishwi.

Nusura kinishinde, maana bomba langu la kulehemu liliharibika. Aliyeniokoa ni sonara wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye kaka yako alimbatiza jina la Koleo kwa jinsi anavyobana bei. Ndiyo, huyo huyo aliyekuwa akinyang'anyana naye wateja. Alinisogezea nafasi kwenye meza yake. Aliponiona nikifua kope, akasema hajaona mkono mwepesi hivyo tangu wa marehemu, na jina la kaka yako akalitaja bila kulimung'unya. Hapo moyo wangu ukasogea, wifi.

Siku ya kugonga mboni akaja bibi mzaa mama wa huyo binti. Akakataa miwani, akainua nyundo kama anayepasua kuni, na mboni ikaangukia pembeni kabisa. Jicho likawa na makengeza! Nilidhani binti atalia. Kumbe alicheka mpaka akakaa chini, akasema afadhali, mahasidi hawatajua linamtazama nani.

Bomba langu limekwisha kutengenezwa, lakini kwa Koleo bado naenda.

Sasa lile jambo. Koleo ameniposa, nami nimekubali. Siombi ruhusa, maana mimi si mtoto wa kuamuliwa. Wala kaka yako sijamsahau. Namlilia bado, tena mbele ya Koleo, naye hunipa leso. Ninachoogopa ni kimoja tu, kukupoteza wewe. Nduguzo walikata mguu hapa baada ya mazishi. Wewe peke yako uliendelea kuja, ukinigombeza na kunilisha, na nakupenda kwa hayo yote mawili.

Koleo amenifulia jicho. Utalikuta kwenye kitambaa, pamoja na nyundo ndogo na msumari wa kugongea. Ndugu wa damu sina aliyebaki, wajua. Ukoo wangu ni wewe. Ligonge, mama. Popote mboni itakapotua, nitalivaa kifua mbele. Ukilirudisha kipofu nitaolewa vilevile, ila siku hiyo nitasimama bila mtu upande wangu.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie namsalimu sana, avumilie ngazi hizo.

Ni mimi wifi yako, na nikishaolewa utaniita hivyo hivyo,

Mama Nyundo