Ukungu Katika Vitunguu vya Maua

Lushoto

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo. Niambieni kama kifua chake kimepata nafuu. Mimi ni mzima. Baridi ya huku ni kama ya Maguu, ila kazi yangu iko ndani ya nyumba ya vioo, na humo joto halitoki.

Humo Bwana ninayemfanyia kazi anaotesha maua kwa vitunguu vinavyoletwa na meli kutoka Ulaya. Haviliwi, ni vya maua tu. Mwezi uliopita majani yalianza kunyauka. Tulipong'oa, tukakuta vitunguu vimelainika, vinanuka, vimeota manyoya ya kijani. Bwana akamgeukia Mzee Hoza, Msambaa anayemwagilia pamoja nami.

"Umeviozesha kwa maji. Jumamosi uondoke."

 Mzee alitoka nje akakaa.

Mimi sikuridhika. Nilikwenda stoo, nikafungua sanduku la vitunguu ambavyo havijapandwa, nikavikata kimoja kimoja. Baadhi vilikuwa na manyoya yaleyale, hasa vilivyochubuka njiani. Nikampelekea Bwana.

"Hivi havijaonja maji ya Mzee Hoza," nikamwambia.

Akatoa lenzi yake, akatazama. Nami nikaomba kutazama. Baba, niliona kama msitu: vijiti vyembamba, vichwani vina unga. Bwana akasema ule ni ukungu, una uhai, unaingilia penye jeraha na kukila kitunguu. Tangu siku hiyo najiuliza mengi. Ule mbuni wetu wa kando ya korongo uliokauka upande mmoja, uliwahi kuupasua ukatazama ndani? Na mahindi yakioza ghalani, ukungu wake ni wa rangi gani?

Vilivyougua tulivichoma, karibu nusu ya vyote. Vilivyobaki tukavikausha. Kisha Bwana akamwita Mzee Hoza. Hakumwomba radhi, alimwambia tu arudi kazini. Mzee hakusogea.

"Kwanza nikione hicho kilichotaka kunifukuza."

Bwana akampa lenzi. Mzee aliinama akatazama muda mrefu, sote tukimsubiri. Alipoinuka alikuwa akitabasamu.

"Kadogo hivi," akasema, akaingia kazini.

Msalimie dada na mumewe, na shangazi wa Mkumbi. Msalimie pia katekista anayekusomea barua hii, na umwambie asiyaruke maswali yangu, nangoja majibu.

Ni mimi mwanao,
Benedikti