Mama Alizikwa Nikitembeza Mbwa

Maskati, Oman
Mwezi wa tisa

Kwa kaka yangu mpendwa Zakayo,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wifi na watoto wote. Wifi mguu wake unaendeleaje, ule uliokuwa ukimvimba jioni? Alizeti mlivuna salama? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, ila ni mzima wa mwili tu. Mengine utayasikia humu ndani.

Najua utashangaa, siku hizi nani anaandika barua. Ningekupigia, lakini umenifungia namba, na nikikupigia kwa simu ya mwenzangu, ukisikia sauti yangu unakata. Basi nimerudi kwenye kalamu kama enzi za marehemu baba. Barua anakuja nayo Belinda, binti wa Mzee Simoni jirani yetu, anayefanya kazi kwa dobi huku Matrah. Amepata likizo. Mimi siwezi kutoka, kitambulisho changu cha ukaazi kinafanywa upya na bado hakijatoka.

Neno la mwisho uliloniambia kabla ya kunifungia ni kwamba nimeuaibisha ukoo, kwamba mama anazikwa na mimi natanua pwani na mbwa wa Waarabu. Sikatai, kaka. Pwani nilikuwepo, na mbwa walikuwepo. Lakini na mimi nina swali langu. Nasikia mama mmemlaza kwenye makaburi ya mjini Singida. Yeye alisema alazwe shambani kwake Ilongero, kule mwisho wa shamba kwenye kichuguu, na alisema mbele yako na mbele yangu, siku naaga kuja huku. Nilimwahidi. Na wewe uliitikia, nilikusikia kwa masikio yangu.

Sasa ngoja nikueleze huko kutanua kwangu. Bosi wangu Bi Mahbuba unamjua kwa simu. Ni Mwarabu aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kinatuacha mbali wewe na mimi. Mtoto wake wa mwisho, Wael, amesoma Ulaya akarudi na mbwa wawili, Lulu na Barq. Mama yake akasema mbwa hawavuki kizingiti chake, maana mate ya mbwa yakimgusa lazima aoshe pale mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo aswali. Wael akanunua tela lenye nyumba ndani, wenyewe wanaliita karavani, akawaweka humo. Halafu akapata kazi ng'ambo, na kabla ya kuondoka akataka azunguke pwani na mama yake na mbwa wake. Ikabaki kupata mtu wa kukaa katikati ya mama na mbwa. Wakanitazama mimi. Bi Mahbuba akasema, kwani Stefania si Mkristo? Wakristo hawana neno na mbwa.

Hawana neno! Kaka, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mpaka zahanati siku mbwa wa mwalimu aliponirarua mguu, na njia nzima ulikuwa unaniimbia ili nisilie. Mpaka leo nikisikia mbwa anabweka natafuta mlango. Lakini mfanyakazi wa ndani haulizwi anaogopa nini. Nikapewa kamba mbili mkononi, safari ikaanza.

Huku watu hutembea pwani wakati wa baridi. Sisi tulitoka kwenye joto lenyewe, kwa sababu baridi ikiingia ufuo unajaa familia, na wakiona mbwa wanapiga kelele. Tulianzia Qantab, tukapita Quriyat na Sur, mpaka Ras al-Hadd na Ashkhara. Kila tulipofika hapakuwa na mtu, vibanda vya chai vimefungwa, viti vimepinduliwa. Tulikuwa kama watu waliochelewa harusi, wakakuta maturubai yanakunjwa. Mchanga ulikuwa unaunguza hata mbwa walivalishwa soksi. Bi Mahbuba na mwanawe walilala kwenye vyumba vya kupanga, mimi nikalala kwenye karavani na mbwa, maana kiyoyozi kikizimika na hakuna mtu, mbwa watakufa. Kiyoyozi kilikuwa chao, mimi nilikuwa mgeni wao. Kama huko ndiko kutanua, nakuombea na wewe utanue hivyo hivyo.

Tulipokuwa Sur niliisahau simu yangu kwenye dashibodi, nikaikuta imevimba mgongo kwa jua. Wael akasema tutaitengeneza tukirudi Maskati. Kwa hiyo mtu akinitafuta, njia ilikuwa simu ya Bi Mahbuba peke yake, na wewe namba hiyo ulikuwa nayo, nilikupa mwenyewe kwa ajili ya dharura.

Ras al-Hadd asubuhi moja nikaona Bi Mahbuba amebadilika. Aliniita mwanangu. Akanikatia samaki kwenye sahani yake, jambo ambalo halijatokea tangu nimfahamu. Akaniuliza mama yako anapenda kula nini. Mimi, mjinga wa watu, nikafurahi kuulizwa. Nikamwambia mama anapenda ugali wa mtama na mlenda, na kwamba akicheka anafunika mdomo kwa sababu ya lile pengo, na kwamba nikienda likizo nitampelekea blanketi zito. Niliongea wee! Yeye anaitikia tu, anaangalia baharini. Kisha akamwambia Wael anipige picha na mbwa, akaniambia cheka, Stefania, nnataka jamaa zako wakuone u mzima. Nikacheka, kaka. Picha hiyo akakutumia wewe.

Nawe ukajua la kuifanyia. Mama yake Belinda alikuwepo msibani, amemweleza mwanawe kila kitu. Simu yako ilipita mkono kwa mkono kwenye mikeka, huku unawaambia wazee, haya, huyo mnayesema asubiriwe, mtazameni. Wanasema mama mdogo Anjelina alitema mate chini. Mama mdogo aliyenifundisha kusuka! Mama alikuwa bado yuko ndani, hajatolewa.

Tuliporudi Maskati, Bi Mahbuba aliniita sebuleni na kuniambia nikae kwenye kiti. Miaka yote sebule ile naifagia, sijawahi kuketi. Akanipa maji. Hapo hapo nikajua kuna mtu amekufa, nikawa naomba tu asiwe mama. Akaniambia. Sitaki kuandika nilivyolia, ila glasi yake niliivunja na sikuomba radhi.

Nilimwuliza kwa nini alinificha. Akasema kwao msafiri hapewi habari ya msiba njiani, hungojwa afike, akae, anywe maji, ndipo aambiwe, maana moyo ukipasuka njiani nani ataushika. Nikamwambia hata kwetu iko hivyo, lakini kwetu tunamficha mtu huku tunamwahisha nyumbani. Hatumfichi huku tunamzungusha na mbwa. Halafu akasema kweli, akilini mwake lilipita pia swali la nani angewashika Lulu na Barq. Alisema hivyo na machozi yanamtoka. Nimemchukia, kaka, na bado namchukia nikimpikia. Lakini angalau yeye alisema lake kwa kinywa chake.

Kisha akasema mimi namlaumu peke yake, na wala hakuamua peke yake. Akaniwekea sauti uliyomtumia alfajiri ile mama alipofariki.

Niliisikiliza mara nyingi mpaka Bi Mahbuba akaichukua simu kwa nguvu. Ulimwamkia kwa adabu. Ukamwambia mama yetu ametutoka. Ukamwomba asiniambie mpaka tumalize safari, ati nina moyo mwepesi. Ungeishia hapo, ningesema kaka ananihurumia, na ningekufa nikikutetea. Hukuishia hapo. Ukaendelea kwamba mnazika kesho yake mjini, na Stefania akijua mapema ataanza habari za shambani, na shamba lile limeshapata mnunuzi, na hakuna mtu anayenunua shamba lenye kaburi bichi.

Uliyasema hayo kwa mgeni, Zakayo, kwa sababu ulidhani mgeni hajui shamba gani wala kaburi gani. Ulijua bosi wa watu huwa hasemi na mtumishi wake. Waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Ukahakikisha sipo, kisha ukaniweka kwenye picha ili nichukiwe kwa kutokuwepo. Na ukoo mzima ukawa unanitazama mimi na mbwa, hakuna aliyekuuliza kwa nini mama anakwenda mjini.

Sasa nina jambo la kuungama, na hili ni la leo. Barua hii haikuandikwa uisome peke yako. Nimemwapisha Belinda asikupe mkononi. Nimemwomba aje nayo siku ya arobaini ya mama, watu wakishakula na kabla hawajatawanyika, asimame aisome kwa sauti toka shikamoo ya kwanza. Kwa hiyo kama anafanya nilivyomwomba, wewe sasa hivi umekaa mbele ya mjomba Benedict, na mama mdogo Anjelina anakusikia unavyohema. Usimnyang'anye. Nakala iko kwa padre.

Belinda dada yangu, hapo acha kusoma kidogo. Sauti ya kaka ninayo, nilimwomba Bi Mahbuba naye akanirushia, nami nimekuwekea kwenye simu yako. Ifungue, uongeze mpaka mwisho, waisikie hata walioko jikoni. Ikiisha, malizia hapa chini.

Mjomba Benedict, shikamoo. Mama mdogo Anjelina, shikamoo, na nimekusamehe yale mate. Wifi, pole sana, najua hukujua. Nawasalimu majirani wote mliokesha na mama yangu, mliopika na kuchota maji, Mungu awalipe. Wadogo nawapa marahaba. Kama kuna mtu hapo ndiye mnunuzi wa shamba, naye nampa salamu, na namwomba asikilize vizuri.

Mjomba, wewe ndiye mkubwa wa mama aliyebaki. Sikuombi umpige kaka wala umlaani. Ninachoomba, kabla hamjanyanyuka kwenye mikeka hiyo, asimame aulizwe mbele yenu dada yako alisema alazwe wapi. Na akishajibu, mumwulize mnakwenda lini kumchukua huko mjini.

Ni mimi mdogo wako, Zakayo, tumbo moja,
Stefania