Onyesho tulivu la Area D

Yasinta, ndiyo natoka kwenye lile igizo la watoto hapa Area D. Bado siamini.

Tangazo si lilisema ni onyesho tulivu, la watoto wanaoogopa kelele kama Elisante wangu? Taa haizimwi, ngoma hazipigwi. Nikamwahidi mtoto.

Basi kaja MC na spika mbili, kila moja kama kabati la nguo. Anabwata kwenye maiki, "Leo hatutaki keleleee." Kwenye maiki, Yasinta.

Halafu eti, "Mgeni rasmi apigiwe makofi ya kilo kwa kutuletea utulivu." Utulivu. Na watu wazima na suti zao wakapiga. Watoto wanalia, mmoja kaingia chini ya kiti, MC anauliza mbona hawachangamki. Kichwa kitupu kabisa yule.

Kugeuka hivi, Elisante hayupo. Yuko kule mbele, kaziba sikio kwa mkono mmoja, kwa mwingine anachomoa waya wa spika ukutani.

MC akauliza, "Mtoto wa nani huyu asiye na adabu?"

Nikasema wangu.

Wala sikupaza sauti. Ukumbi mzima ulinisikia.